Ng'ombe Mwekundu Gazetini

Kwa yule aliyefungiwa maandazi na gazeti la wiki iliyopita kabla hajaufikia mkasa wangu, nakusogeza haraka. Mimi ni Munira wa Kilole. Niliachwa kwa ujumbe wa simu. Kazi yangu ya ofisini kwenye shamba la mkonge iliisha siku shamba lilipopata mwenye mali mpya. Nikaishia dukani kwa Jabiri, karibu na stendi ya Korogwe, kuwaandikia watu barua pepe.

Niliwaambia pia habari za Naisimoi, mke wa mtoto wa mzee Loishiye. Hao ni wafugaji wa kijiji kimoja cha Handeni ambacho jina lake nitaendelea kulimeza. Mwekezaji alilizungushia waya lambo la kijiji, ng'ombe wakawa wanashinda na kiu huku maji wanayaona kwa macho. Naisimoi akaja dukani, akasema, nikaandika, tukapeleka gazetini bila jina.

Na niliwaambia habari za mama yangu mdogo, Mashavu. Yeye ni mkulima, hana ng'ombe hata wa dawa. Lakini mumewe ndiye mwenyekiti wa kijiji kilekile, na karatasi za lambo zilisainiwa sebuleni kwake, mwenyewe akipitisha chai. Naye alikuja akayasema aliyoyaona. Maneno yake tuliyahifadhi kwenye akaunti ileile ya barua pepe tuliyomfungulia Naisimoi, yakimsubiri wakili wa Dar es Salaam aliyesema atayahitaji mahakamani.

Basi hicho ndicho nilichokuwa nakilinda. Mama mdogo ana watoto wadogo na hana kwao pa kurudi. Mimi sikuwa najilinda, maana nilikuwa nimekwisha zamani.

Aliyetufundisha kujificha ni Jonathan, fundi kompyuta wa pale dukani. Jabiri alikuwa ameufunga mtandao mmoja wa majadiliano ambako watu walikuwa wanawasema wakubwa. Alisema ameshauriwa na mtu asiyekataliwa. Jonathan akawaonyesha wateja uchochoro. Ni tovuti ya kigeni. Unaiandikia unakotaka kwenda, yenyewe inakwenda kwa niaba yako, na huko mbele hawajui umetokea Korogwe au mwezini. Barua zetu zote zilipita huko. Jabiri alipogundua huo uchochoro alimtimua Jonathan, fundi akaenda zake Tanga. Jabiri hakugundua kingine. Neno la siri la ile akaunti tukabaki nalo watu watatu: Jonathan, Naisimoi na mimi.

Jonathan ana adabu iliyopitiliza. Hata ile barua ya gazetini alitaka tuanze kwa kumjulia hali mhariri na kumaliza kwa kuisalimia familia yake. Nilimfutia salamu zote. Alinuna.

"Dada Munira, barua bila salamu ni kama kumgongea mtu mlango kwa teke."

Siku mama mdogo alipokuja na makande kwenye hotipoti, Jonathan alikula huku anachapa, akamwita mama, akauliza habari za watoto wake mmoja mmoja. Nilimwona bwege. Ndivyo nilivyomwona.

Haya. Gazeti lilitoka Jumamosi. Jumatatu asubuhi umeme ukakatika, ule mgao wetu wa kila siku. Simu yangu ilikuwa imezimika tangu jana yake. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye kompyuta zilizolala, Jabiri amekaa mlangoni anajipepea, akaingia Mhina.

Mhina ni mtu wa mwekezaji. Anavaa kofia ya pama na anamsalimia kila mtu kwa jina lake, hata usiyetaka akujue.

"Jabiri, biashara inasemaje?"

"Biashara gani bila umeme, mzee?"

"Mimi sikufuata umeme." Akatandaza gazeti juu ya kaunta. "Hii imetoka kwako."

"Nani kasema?"

"Kutoka huku mpaka Handeni, nani mwingine ana intaneti ya kuaminika?"

Jabiri akatabasamu kabla hajajizuia. Mwanamume yule ukimsifia intaneti yake anaweza kukuozesha binti. Lakini akajikaza.

"Mimi nauza muda, Mhina. Anachoandika mtu ni chake."

Mhina akanigeukia. Nikamwamkia, akaitikia.

"Wewe ndiye Munira. Unawaandikia wasiozoea."

"Nawaandikia wengi. Wanaoomba kazi, wenye wachumba Ulaya, wenye watoto vyuoni."

"Hizi kompyuta zinaweza kutuambia nani aliandika?"

"Haziwezi. Kila jioni nafuta kumbukumbu zote. Bosi ndiye aliyeagiza, kwa sababu ya virusi."

"Ni kweli," Jabiri akasema.

Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimetulia kabisa. Hata wangekwenda kulihoji gazeti, wangeonyeshwa anwani ya nchi ambayo haijui Handeni ni mji au ni ugonjwa. Nilikuwa nimeifanya kazi yangu vizuri, jambo ambalo halijanitokea mara nyingi maishani.

Mhina akacheka. "Mimi sina shida na kompyuta. Nisikilizeni." Akavaa miwani, akasoma. "'Ng'ombe mwekundu mwenye kola nyeupe shingoni, sikio la kushoto limechanwa kama mkia wa mbayuwayu, alikufa ameuegemea waya, ulimi umeelekea kwenye maji.'"

Akavua miwani.

"Nilimsomea hayo mama mmoja anayeuza maziwa njia panda. Hakuniacha nimalize. Akasema, mbona huyo ni wa kwa Loishiye?"

Mimi ni Mzigua wa mjini. Kwangu ng'ombe ni ng'ombe. Jina la Naisimoi nililiondoa, la mumewe nililiondoa, la kijiji nililiondoa. Ng'ombe nilimwacha kwa sababu alipendeza kwenye maneno. Na Naisimoi alimtaja hivyo kwa sababu kwao huwezi kusema ng'ombe amekufa ukanyamaza. Utaulizwa ni yupi, kama unavyoulizwa ukisema mtu amefariki. Rangi yake na lile sikio vinajulikana bonde zima.

Nilisikia ganzi ikianzia vidoleni. Ikapanda taratibu, ikafika mabegani, ikakaa huko.

Halafu nikashika neno moja. Amesema wa kwa Loishiye, hakusema Naisimoi. Mzee Loishiye hajui kusoma wala hajawahi kukanyaga dukani kwetu. Akikana amekana, nani atambana?

"Basi kamuulizeni yeye," nikasema.

"Tumemuuliza jana, mbele ya mkutano." Mhina akavuta kiti cha mteja, akakaa. "Mwenyekiti alimpa njia nyepesi. Akamwambia, mzee, sema ng'ombe ni wako, tukupe onyo, urudi nyumbani kwako. Unajua mzee alijibu nini?"

Nikakunja kitambaa changu cha vumbi.

"Alisema, 'Si wangu.'"

"Amekana," Jabiri akasema.

"Afadhali angekana! Alisimama na fimbo yake, akasema hivi: 'Si wangu. Nilimpa mke wa mwanangu siku alipoingia bomani kwangu. Tangu siku hiyo ananiita Pakiteng, na mimi namwita Pakiteng. Leo nikisema ng'ombe ni wangu, nitakuwa nimemnyang'anya mbele za watu.'"

Naisimoi aliwahi kunieleza jambo hilo. Mkwe akikupa ng'ombe unapoolewa, majina yenu ya kuzaliwa yanawekwa kando. Mnaitana kwa ile zawadi, Pakiteng, yaani tuliyepeana ng'ombe, mpaka mmoja wenu afe. Nilimwambia ni desturi nzuri, sisi wengine tumeolewa tukaambulia sufuria.

Kumbe mzee wa watu alimkabidhi Naisimoi mikononi mwao kwa heshima tupu. Hakuwa na habari kwamba kuna kitu cha kuficha. Hakuna aliyemwambia. Tulidhani tukimwacha bila kujua ndiyo tumemkinga.

"Mke wa mwanawe amesoma mpaka la saba," Mhina akaendelea. "Mchana nawaleta hapa, yeye na mzee, pamoja na mwenyekiti. Atafungua barua zake mbele yetu. Ya gazeti imeshatoka, hiyo haina dawa. Tunachotaka ni kujua nani mwingine wa kijijini anaongea."

Akaweka kofia kichwani, akaaga kwa majina yetu yote mawili.

Mtu mwingine angelia. Mimi nilichukua ufagio nikafagia sehemu niliyokwisha kuifagia.

"Bosi," nikasema baadaye, "naomba nikachaji simu."

"Wapi? Mji mzima giza."

"Kule Old Korogwe kuna mtu ana jenereta."

Jabiri aliacha kujipepea. Si mtu mbaya. Ana wake wawili na mkopo wa benki, basi. 

"Munira, ukitoka sasa hivi, Mhina akirudi ataniuliza kwa nini umetoka. Na mimi nitataka kujua nimjibu nini. Kaa."

Nikakaa. Nilikuwa naomba kitu kidogo tu: umeme uwatangulie. Niingie, nifute maneno ya mama mdogo, nitoke. Wengine wanaomba mvua, wanaomba watoto. Mimi niliomba dakika chache za umeme.

Umeme ulirudi kiatu cha mwenyekiti kikiwa kizingitini. Kompyuta zikaanza kulia moja moja, feni ya dari ikajizungusha.

"Hujambo mwanangu?" mwenyekiti akanisalimia.

"Sijambo. Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Mama yako mdogo anakusalimu sana. Amekufungia mihogo, iko kwenye gari, usiisahau."

Nikasema ahsante. Sauti ilitoka, sijui ilitokea wapi.

Mzee Loishiye aliingia akiwa amejitanda shuka lake, mrefu, ameinama kidogo asigonge feni. Nyuma yake, mbali naye kama heshima inavyotaka, Naisimoi. Alinitazama usoni bila kupepesa.

"Habari yako dada. Wewe ndiye mwenye duka?"

Ndivyo alivyonisalimu. Mtu tuliyekunywa naye soda chupa moja.

"Hapana," nikasema. "Mwenye duka ni yule pale. Karibu."

"Mimi mnanisumbua bure," akamwambia Mhina. "Kompyuta siijui. Hapa ndiyo kwanza naingia."

"Ndiyo kwanza?" Mhina akatoa kitu kwenye mfuko wa shati, akakibwaga juu ya kaunta. "Na hii iliingiaje kwenye pindo la khanga yako?"

Ilikuwa kadi ndogo ya duka letu. Mteja akifunguliwa akaunti tunamwandikia anwani yake kwenye kadi, neno la siri abaki nalo kichwani. Naisimoi akaitazama kadi kana kwamba ni mdudu. 

"Anwani imeandikwa kwa mkono," Mhina akasema. "Mkono wa nani huu, Jabiri?"

Jabiri aliisogeza kadi karibu na macho, kisha mbali. Nilimwona anavyoshusha pumzi.

"Wa Jonathan. Fundi wangu wa zamani. Nilimfukuza mwenyewe kwa michezo hiihii. Yuko Tanga."

"Munira hahusiki?"

"Munira? Huyu ni wa kuchapa tu."

 Jonathan akatwishwa mzigo wote mbele yangu na mimi nikamwacha autwishwe. Ningependa kuwaambia niliona aibu. Sikuona kitu.

"Basi fungua," Mhina akaniambia.

Nikakaa kwenye kompyuta ya mwanzo. Nikaandika anwani kama ilivyo kwenye kadi. Kwenye neno la siri nikasimama.

"Bila neno la siri haifunguki."

"Mama, neno la siri ni lipi?"

Naisimoi alikuwa anaitazama sakafu.

"Jaribu chochote," Mhina akasema.

Nikaandika chochote. Ikakataa. Nikaandika chochote kingine. Ikakataa. Nilikuwa tayari kukaa pale kuandika chochote mpaka nizeeke.

Ndipo Jabiri akakohoa.

"Duka hili lina utaratibu," akasema polepole, "na utaratibu huo niliuanzisha mimi. Mteja ambaye hajazoea tunampa neno asiloweza kulisahau. Mtoto wake wa kwanza. Kisima chao." Akamgeukia mzee Loishiye, kwa adabu zote. "Mzee wangu, samahani. Yule ng'ombe uliyempa mke wa mwanao alikuwa na jina?"

Naisimoi akainua kichwa kwa ghafla. Mdomo ulifunguka. Lakini swali alikuwa ameulizwa baba mkwe wake, na mbele ya baba mkwe mwanamke hadakii jibu. Akaufumba tena.

"Ana jina," mzee akasema. Hakusema alikuwa nalo. Akanyoosha mgongo, sauti ikapata nguvu, kama mtu anayesifiwa mali yake ya zamani. "Nanyokie. Bibi yake alikuwa wa mama yangu. Pakiteng huyu hapa ndiye aliyekuwa anamkamua."

"Nipishe, Munira," Jabiri akasema.

Nikampisha. Akakaa, akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, huku ananong'ona. Akabonyeza.

Intaneti ya kuaminika ya Jabiri ikaanza kutafuta. Mwenyekiti alikuwa ameshika egemeo la kiti kwa mkono wa kulia. Kwenye shati lake, karibu na kwapa, palikuwa na kiraka kidogo kilichoshonwa vizuri mno. Nilikijua kile kiraka. Ni mishono ya mama mdogo, hakuna anayeshona hivyo. Nikakitazama hicho badala ya kutazama kioo cha kompyuta.

"Imefunguka," Jabiri akasema.

Nikatazama.

Palikuwa peupe. Ya gazeti haikuwepo. Ya wakili haikuwepo. Ya mama mdogo haikuwepo. Mlemle Jabiri akafungua zilizotumwa: hakuna. Akafungua zilizohifadhiwa: hakuna.

"Mbona tupu?" Mhina akauliza.

Mimi nilijua. Jonathan. Amelisoma gazeti huko Tanga, amemwona ng'ombe, ameelewa kabla yangu mimi mjanja wa mjini. Amewahi. Tangu asubuhi nilikuwa gogo, sasa nikasikia joto dogo tumboni, kama uji wa kwanza baada ya homa. Mama mdogo amepona. Niliwatazama wote mle ndani na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma Jonathan, kwamba nilimnyamazia.

"Si tupu," Jabiri akasema. "Kuna moja hapa, kwenye zilizoingia. Imeingia leo asubuhi."

"Isome," Mhina akasema. "Kwa sauti."

Jabiri akasogeza uso karibu na kioo.

"'Dada Munira, habari za hapo Korogwe?'"

Feni ilikuwa inazunguka. Mhina akaivua kofia yake taratibu, akaiweka juu ya kadi. Naisimoi alifumba macho. Mzee Loishiye peke yake ndiye aliyebaki vilevile, ametabasamu kidogo, kwa sababu alisikia mtu anasalimiwa.

Mwenyekiti hakunitazama. Aliendelea kukitazama kioo.

"Endelea," akasema.

"'Mimi huku Tanga sijambo, namshukuru Mungu,'" Jabiri akasoma. Sauti yake ilikuwa imekauka. "'Gazeti la Jumamosi nimelipata leo. Nimekupigia sana hupatikani, nikaona nisichelewe. Nimefuta zote, usiwe na wasiwasi kabisa. Basi dada, sina mengi. Nisalimie...'"

 Kioo kilikuwa kimeishia hapo. Kilichobaki kilikuwa chini, hakionekani mpaka ukishushe.

Lile joto la tumboni likaondoka, na ganzi ikarudi mahali pake. Jonathan hajawahi kufunga barua bila kumsalimia kwa jina kila mtu aliyewahi kumlisha.

Jabiri alikuwa ameondoa mkono kwenye mausi. Nadhani naye alikuwa ameanza kuogopa, ingawa hakujua anaogopa nini.

"Shusha chini, Jabiri," baba mdogo akasema, kwa upole uleule aliotajia mihogo. "Tumsikie anayesalimiwa."